Sura ya Sita: Kelele Nayo Ni Stesheni

Mji wa Duba uko pwani ya Bahari ya Shamu, kaskazini-magharibi mwa Saudi Arabia. Mtambo wa redio wa huko wasikilizaji wa stesheni za mbali wameujua kwa miaka mingi: masafa kilohezi 1521, nguvu kilowati 2,000, miongoni mwa nguvu kubwa kabisa kuwahi kutumika katika masafa ya kati. Chaja ya simu iliyochomekwa kwenye soketi ya sebuleni hufanya kazi kwa wati chache tu. Lakini msikilizaji wa Dar es Salaam, aliye takriban kilomita 3,800 kutoka Duba, akiweka redio yake jirani na chaja hiyo, atakachosikia kwenye 1521 ni chaja.

Sababu ni umbali. Wimbi la Duba limepanda hadi ionosfia, limerudi chini, huenda limedunda ardhini au baharini na kupanda tena, na kinachofika kwenye antena yako ni chembe. Chaja iko nusu mita. Redio haina namna ya kujua ulitaka kipi; inapokea vyote viwili na kuvikuza vyote viwili.

Hapo ndipo anayeanza hukimbilia dukani kutafuta redio yenye nguvu zaidi, au hupanda juu ya bati kufunga waya mrefu. Mara nyingi stesheni hupanda, na kelele hupanda nayo. Kinachoamua kama utaelewa neno la mtangazaji ni uwiano kati ya hivyo viwili. Kumsikia mzee anayenong'ona kwenye stendi ya mabasi hakuhitaji masikio makubwa. Kunahitaji makondakta wanyamaze.

Kwa hiyo kazi ya sura hii ni kupunguza, na njia yake ni kuichukulia kelele kama stesheni. Ina mahali inapotokea, ina saa zake za kurusha, ina masafa inayoyapendelea na sauti ya kujitambulisha. Ustadi uleule unaokuwezesha kusema "hii ni Djibouti" ndio utakaokuwezesha kusema "hii ni taa ya jikoni".

Kwa nini AM haina kinga

Katika AM, sauti ya mtangazaji hubebwa kwa kupandisha na kushusha ukubwa wa wimbi. Kazi ya redio ni kupima ukubwa huo na kuugeuza kuwa sauti. Cheche yoyote, iwe ya radi au ya swichi ya jikoni, nayo hubadili ukubwa wa kile kinachofika kwenye antena, na redio huitamka kama ilivyotamka neno la mtangazaji.

Mhandisi wa Kimarekani Edwin Armstrong aliipiga vita mikwaruzo hiyo kwa miaka, kisha akaamua kubadili namna sauti inavyobebwa. Mwaka 1933 alipewa hataza za mfumo wake wa FM, ambao hubeba sauti kwa kubadili masafa, hivyo redio inaweza kuukata ukubwa uliozidi bila kupoteza neno. Ndiyo maana FM ya mjini husikika safi hata fundi wa kuchomelea akiwa kazini mlango wa pili. Lakini FM kwa kawaida haifiki mbali sana zaidi ya upeo wa macho. Anayetaka nchi ya mbali usiku hana budi kurudi AM, na kelele zake anazikuta palepale.

Jambo jingine liko ndani ya redio yenyewe. Redio nyingi zina sakiti inayojirekebisha: stesheni ikiwa na nguvu hupunguza ukuzaji, ikiwa dhaifu huuongeza. Pasipo na stesheni huuongeza hadi mwisho, na ndiyo sababu mngurumo hupanda ghafla unapopita katikati ya stesheni mbili. Kwa hiyo unapotaka kupima kelele ya nyumba yako, chagua masafa matupu na ubaki hapohapo katika majaribio yote. Ukipima leo juu ya stesheni na kesho kwenye nafasi tupu, hujapima kitu.

Mtu aliyeifuata kelele hadi mwisho

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kampuni ya Bell ilikuwa ikiuza huduma ya simu za redio kuvuka Atlantiki, na mikwaruzo iliwaudhi wateja. Kijana mmoja wa maabara zake, Karl Jansky, alipewa kazi ya kutafuta inakotoka. Huko Holmdel, New Jersey, alijenga antena yenye urefu wa karibu mita 30 na kuiweka juu ya magurudumu ya gari la Ford Model T ili izunguke. Mzunguko mmoja ulichukua dakika 20. Aliitega kwenye megahezi 20.5, akarekodi kelele mchana na usiku.

Alizigawa katika mafungu matatu: radi za karibu, radi za mbali, na mvumo mwembamba usiokatika ambao hakuujua. Mvumo huo ulifikia kilele mara moja kwa siku, kwa hiyo alidhani ni jua. Lakini miezi ilivyopita kilele kiliwahi kidogo kila siku: kilirudi baada ya saa 23 na dakika 56, si saa 24. Huo ni mzunguko wa dunia ukipimwa kwa nyota. Mwaka 1933 Jansky alitangaza kwamba mvumo ule unatoka upande wa kitovu cha Njia ya Maziwa, kundi la nyota lenye jua letu. Elimu ya anga kwa redio ilizaliwa hapo, na kipimo chake cha nguvu ya mawimbi leo kinaitwa kwa jina lake.

Zana za Jansky zilikuwa tatu: antena inayogeuka, saa, na daftari. Wewe unazo zote.

Kusikiliza kelele ikijitaja

Anza na hesabu. Kwa mujibu wa mpango uliokubaliwa Geneva mwaka 1975, stesheni za masafa ya kati za Afrika, Ulaya na sehemu kubwa ya Asia hupangwa kila baada ya kilohezi 9, kuanzia 531 hadi 1602, na kila namba hugawanyika kwa tisa. Jumlisha tarakimu: 1521 inatoa 9; 1431, masafa ambayo Djibouti imejulikana nayo, inatoa 9; 1170, ambayo Trans World Radio imeitumia kutoka Eswatini, inatoa 9. Kwa hiyo redio yako ya dijitali ikikuonyesha kilele kikali kwenye 1003, jumla ni 4, na hapo usipoteze muda kusubiri jina la stesheni. Amerika hupanga kwa kumi, na sauti za huko zikivuka bahari zitavunja kanuni hii, lakini hazitaivunja kwa kishindo.

Mfano mzuri ni televisheni ya chogo. Picha yake huchorwa mistari 15,625 kwa sekunde, na kila zidisho la namba hiyo hujitokeza redioni. Zidisha kwa 64 upate kilohezi 1000 kamili. Stesheni ya jirani kwenye mpango wetu iko 999, na tofauti ya kilohezi moja husikika kama mluzi mkali juu ya mtangazaji. Runinga ikizimwa, mluzi unakufa.

Kisha sikiliza umbo la sauti. Mvumo mzito unaopiga mara 100 kwa sekunde ni mtoto wa umeme wa gridi wa hezi 50: huenda ni swichi ya kupunguza mwanga, huenda ni cheche kwenye nguzo. Mvumo unaojaa kwenye upana fulani wa mshale, ukapotea, kisha ukarudi baada ya makumi ya kilohezi, na ambao husogea polepole kadiri kifaa kinavyopata joto, ni wa sakiti zinazokata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Sakiti hizo zimo ndani ya chaja, king'amuzi, kompyuta na balbu nyingi za LED. Mlio unaopanda kwa kasi na kushuka ni mota yenye brashi: blenda, drili, cherehani ya umeme. Tiki-tiki inayokimbia na kupungua inapita na bodaboda barabarani. Tiki moja kila baada ya sekunde moja hivi, usiku kucha, ni senyenge ya umeme juu ya ukuta wa mtu, hasa pale tawi linapogusa waya au kishikizo kilipopasuka.

Saa nazo hutoa ushahidi. Kelele inayoanza jua likipanda na kuisha magharibi ni ya kidhibiti chaji cha sola au inveta yake. Inayoanza saa kumi na mbili na nusu jioni na kuisha alfajiri ni taa ya ulinzi. Hii ya pili ndiyo inayoumiza zaidi, kwa sababu ni saa hiyohiyo ambapo tabaka la chini la ionosfia, linalomeza mawimbi ya kati mchana, hutoweka na kuruhusu stesheni za mbali kuingia. Mlango wa angani unafunguliwa wakati mtaa mzima unawasha taa.

Zima nyumba

Sasa tafuta. Tumia redio ya betri. Redio iliyochomekwa ukutani huvuta kelele kwa waya wake yenyewe na kuharibu ushahidi. Kaa kwenye masafa matupu, mwombe mtu azime meni swichi, na usikilize.

Kelele ikifa, iko ndani. Washa meni swichi, kisha zima breka moja moja hadi upate chumba. Ndani ya chumba chomoa kifaa kimoja kimoja. Usitosheke na kubonyeza swichi ya kifaa chenyewe, kwa maana runinga iliyozimwa kwa rimoti bado inakula umeme, na chaja isiyo na simu bado inafanya kazi. Kikulacho ki nguoni mwako: mara nyingi mhalifu ni kitu cha bei ndogo kilichosahaulika nyuma ya kabati.

Kelele isipokufa, usikimbilie kumlaumu jirani. Kuna vitu ambavyo meni swichi haivifikii: UPS ya kompyuta iliyohamia betri yake, mfumo wa sola wenye inveta, taa za dharura, kompyuta mpakato inayotumia chaji yake. Vizime hivyo kwa mkono, ndipo useme nyumba iko kimya.

Anayeishi Afrika Mashariki ana jaribio ambalo wenzake wa Ulaya hulipata kwa nadra: umeme kukatika mtaa mzima. Badala ya kutafuta mshumaa, shika redio. Dakika zile za kwanza, kabla jenereta hazijaanza kuleta tiki-tiki za plagi zake, ndizo zitakazokuonyesha masafa ya kati ya eneo lako yakoje pasipo umeme wa watu. Andika stesheni unazozisikia. Hiyo ndiyo orodha unayopaswa kuifikia hata umeme ukiwepo, na kila kilichopungua humo ni kazi iliyobaki.

Hatua chache zina thamani kubwa

Kwenye kilohezi 1000 wimbi moja lina urefu wa mita 300. Mpaka ambapo wimbi huanza kusafiri kama wimbi kamili uko kwenye takriban sehemu ya sita ya urefu huo, yaani karibu mita 48. Ndani ya mpaka huo uko karibu na chanzo, na uga wa chanzo kidogo hupungua kwa kasi kubwa mno: umbali ukiwa maradufu, hubaki takriban sehemu moja ya nane. Nyumba yako nzima, na pengine kiwanja chako chote, viko ndani ya mpaka. Kutoka nusu mita hadi mita moja mbali na chaja ni ushindi mkubwa kuliko unaoupata kwa kubadili redio. Kutoka sebuleni hadi chini ya mwembe uani ni ushindi juu ya ushindi, mradi juu ya mwembe huo hapapiti waya wa umeme.

Hatua ya pili ni kugeuka. Ndani ya redio ndogo kuna kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya mwembamba, na kwa kawaida kimelala sambamba na urefu wa redio. Stesheni iliyo ubavuni mwa kijiti husikika kwa nguvu. Iliyo kwenye ncha zake hufifia. Kilele cha ubavuni ni kipana, ukikosea kidogo hupotezi kitu. Bonde la kwenye ncha ni jembamba na refu. Kwa hiyo usielekeze redio kwenye stesheni unayoitaka. Elekeza ncha kwenye kelele usiyoitaka, na stesheni itajitegemea.

Itakuwaje kelele na stesheni zikiwa upande mmoja? Hapo ukaribu wa kelele unakuwa faida yako. Kwa mtu wa Dar es Salaam, Duba iko karibu kaskazini kabisa, na itabaki kaskazini hata akitembea mtaa mzima. Lakini senyenge ya jirani iliyokuwa kaskazini ukiwa mlangoni, itakuwa magharibi ukihamia kona nyingine ya kiwanja. Tembea hadi pande hizo mbili zitengane, kisha geuza redio ncha zake zikae mashariki na magharibi. Ndani ya nyumba mbinu hii husumbua, kwa sababu nyaya zilizomo ukutani hurusha kelele kutoka kila upande na bonde halipatikani. Nje hufanya kazi vizuri.

Anayetaka zaidi ajenge antena ya fremu. Chukua mbao mbili, zifunge msalaba, uzungushie waya wa umeme wa kawaida ili upate mraba wa mita moja kila upande, mizunguko minane hivi. Ncha zake ziunge kwenye kapasita ya kugeuza iliyotolewa kwenye redio kuukuu. Hakuna waya unaoingia kwenye redio yako. Iweke tu kando ya fremu, geuza kapasita hadi stesheni ipande, kisha zungusha fremu na redio pamoja hadi kelele ishuke. Mizunguko ikizidi, stesheni za juu ya mshale hazitafikiwa; ikipungua, za chini. Ongeza au punguza mmoja mmoja.

Kuifungia kelele njiani

Kuna vifaa ambavyo huwezi kuvizima: friji, ruta ya intaneti, kamera za ulinzi. Hivi vifunge njia.

Umeme wa kazi huenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine, na kwa kuwa waya hizo zimelala pamoja, athari zake hufutana. Umeme wa kelele hufanya kinyume: huenda upande uleule kwenye waya zote mbili kwa pamoja, na hapo waya mzima wa kifaa hugeuka kuwa antena ya kurushia. Pete ya feraiti huzuia mwendo huo wa pamoja bila kuugusa umeme wa kazi. Kile kidonge kinene unachokiona kwenye waya za kompyuta ni pete ya namna hiyo.

Ila kidonge kile, waya ukipita mara moja tu, husaidia kidogo sana kwenye masafa ya kati. Kilikusudiwa masafa ya juu zaidi. Uzuiaji hukua kwa mraba wa mizunguko: mizunguko kumi huzuia mara mia ya mmoja. Tafuta pete kubwa ambayo plagi itapita, na feraiti ya aina inayofaa masafa ya chini. Mchanganyiko namba 31 ni maarufu kwa wasikilizaji. Pitisha waya mara kumi au zaidi, karibu kabisa na kifaa chenye kelele.

Pale unapoweza kubadilisha, badilisha. Adapta nzito ya zamani, yenye transfoma ya chuma ndani, haina sakiti ya kukata umeme, kwa hiyo haina cha kurusha. Shika adapta mbili mkononi: iliyo nzito ndiyo rafiki. Kwa balbu hakuna kipimo rahisi hivyo. Balbu yenye kichujio ndani na isiyo nacho hufanana dukani, na viwanda hupunguza gharama kwa kuacha vipande visivyoonekana. Nunua moja, ijaribu karibu na redio, ndipo ununue kumi.

Nje ya geti

Kelele iliyobaki ni ya mtaa. Ifuate kwa redio ya mkononi: toka, tafuta bonde, weka alama ya mstari wake, nenda mahali pengine, tafuta tena. Mistari miwili inapokatana ndipo penye chanzo. Ukikaribia, panda juu ya mshale. Kelele za cheche huenea mbali kwenye masafa ya chini, na kadiri unavyopanda zinabaki zile za karibu tu.

Ikiwa inakupeleka kwenye nguzo, hali ya hewa itakuambia mengi. Cheche kwenye chuma kilicholegea husikika siku kavu yenye upepo na hunyamaza mvua ikinyesha. Vikombe vya kushikia nyaya vilivyojaa chumvi au vumbi hufanya kinyume: huanza kulia kukiwa na unyevu au manyunyu, kisha mvua kubwa ikivisafisha vinatulia. Watu wa pwani wanazo zote mbili. Usigonge nguzo, usipande, usivute nyaya zake za kushikiza. Andika namba ya nguzo, saa na hali ya hewa, upeleke taarifa kwa shirika la umeme. Cheche ni kifaa kinachoharibika. Fundi mwelewa atakushukuru.

Ikiwa inakupeleka kwa jirani, nenda na redio iliyowaka, wala usianze na sheria. "Shikamoo mama, samahani kwa usumbufu. Mimi ni jirani wa nyumba ya pili. Naomba tusikilize kitu pamoja, kisha uzime hiyo taa ya nje kidogo tu." Akisikia mwenyewe kelele ikikatika mkono wake ukiwa kwenye swichi, maelezo yamekwisha. Nenda na balbu nyingine mfukoni, uliyokwisha kuijaribu, umwachie.

Sheria zipo. Kamati ya kimataifa ya CISPR, iliyoanza mwaka 1934, ndiyo inayoandika viwango vya kelele ambayo vifaa vya umeme vinaruhusiwa kutoa, na nchi zetu zina wasimamizi wa masafa, TCRA kwa Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya. Ni kimbilio la mwisho.

Kelele isiyo na mwenye nyumba

Ukishafanya yote hayo utabaki na radi. Setilaiti zimehesabu wastani wa miale zaidi ya 40 kila sekunde duniani, na mawimbi yake ya redio yana nguvu zaidi kwenye masafa ya chini. Hapa tumekaa jirani na kiwanda. Utafiti wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliweka Ziwa Maracaibo la Venezuela nafasi ya kwanza kwa wingi wa radi, na nafasi ya pili eneo la Kabare, mashariki mwa Kongo. Ziwa Victoria nalo hupigwa zaidi usiku, saa zilezile za msikilizaji.

Radi haizimwi, lakini ina kalenda na ina upande. Masika na vuli ni vigumu kwa sehemu kubwa ya Tanzania. Kipupwe, Juni hadi Agosti, mara nyingi huleta utulivu. Mtu wa pwani ambaye ngurumo zake ziko magharibi anaweza kuzielekezea ncha za redio huku akisikiliza kaskazini. Na mawingu yakifika juu ya nyumba yako, chomoa antena ya nje, uache kusikiliza. Hakuna stesheni yenye thamani ya kuchomwa moto.

Kuhama

Wapo waliokata shauri la kuiacha kelele ilipo na kuondoka wao. Mwishoni mwa 1921 Mmarekani Paul Godley alivuka Atlantiki kwenda kusikiliza kama redio za wapenzi wa mawasiliano wa kwao zinafika Ulaya. Hakukaa mjini. Alipiga hema kwenye shamba lenye baridi huko Ardrossan, pwani ya Uskoti, akatandaza juu ya nguzo fupi waya wa mamia ya mita wa aina aliyoibuni Harold Beverage, ambao hupokea vizuri upande mmoja na kuupa kisogo upande mwingine. Hapo alizisikia, ikiwemo kituo cha 1BCG cha Greenwich, Connecticut, kwenye mita 230 hivi, ndani ya masafa tunayoyaita ya kati leo.

Wasikilizaji wa Finland wanafanya hivyo hadi sasa. Huenda Lapland, karibu na Inari, kwenye vibanda vya msituni vilivyozungukwa na waya za Beverage zenye urefu unaokaribia kilomita moja, na kutoka huko hupata stesheni ndogo za Amerika ya Kaskazini na visiwa vya Pasifiki. Si lazima kwenda Lapland. Shamba la babu lisilofikiwa na nguzo, ufuko nje ya mji, hata gari lililozimwa injini kando ya barabara ya vumbi: kila kilomita unayoiweka kati yako na nyaya za umeme inafanya kazi ambayo hakuna duka linaloiuza.

Daftari mbili

Wasikilizaji karibu wote huweka daftari la stesheni. Weka na la kelele, lenye safu nne: saa, masafa, sauti, upande. Baada ya wiki chache utaona ratiba. Utajua kwamba mvumo wa 700 huanza duka la kona linapofungua friji zake, na kwamba saa tisa usiku mtaa wote umezima isipokuwa taa mbili unazozijua kwa majina ya wenyewe. Ukijua hivyo utachagua usiku, saa, kona ya uwanja na upande wa kugeuzia fremu kabla hujawasha redio.

Matumizi ya pesa nayo yafuate mpangilio huohuo. Kwanza yasiyo na gharama: kuzima, kusogea, kugeuka. Kisha ya bei ndogo: balbu tofauti, pete ya feraiti, mbao mbili na waya. Redio mpya iwe ya mwisho, baada ya orodha yako ya umeme ukiwepo kulingana na ile ya umeme ukikatika. Hapo ndipo tofauti kati ya redio na redio inapoanza kusikika, na hapo ndipo swali la kununua ipi, ambalo ndilo kazi ya sura ifuatayo, linapokuwa na maana.